Matundu ya Juu ya Mnara wa Vaugremont

Wifi yangu Solange Berruet alizaliwa katika nyumba ya langoni, chumba cha nyuma, mwezi wa Februari, na baba yake Fernand alipoambiwa ni mtoto wa kike alijibu, "Naye atashika funguo vilevile." Hakukosea. Kina Berruet sita, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wamelinda kasri la Vaugremont. Solange alikuwa wa saba na wa kwanza kuvaa sketi.

Mimi niliingia katika ukoo huu kwa kuolewa na Lucien, mdogo wake. Nilikuwa mwalimu wa shule ya kijiji, nina vyeti vyangu, na nilidhani Solange angefurahi kupata wifi aliyesoma. Jumapili ya kwanza nilimfuata akiwatembeza wageni. Mbele ya watu arobaini alisema mfalme fulani alilala kasrini katika mwaka ambao mfalme huyo alikuwa amekwisha kulala kaburini miaka miwili. Nikamsahihisha. Kwa upole, kwa jinsi nilivyoona mimi. Tangu siku ile, kwa miaka thelathini na minne, hakunialika hata kikombe cha kahawa. Na mwaka ule wenye makosa hakuuacha. Kila nilipokuwapo aliutaja polepole, akinitazama usoni.

Hakuwapenda wageni, sitaki kusema uongo. Alilipenda kasri. Wageni aliwahesabu kama vumbi: linaingia kila siku, linafutwa kila siku. Alijua ubao gani wa sakafu unalia mvua ikikaribia, dirisha gani la ghorofa ya pili lisiguswe baada ya Oktoba, na nta ya nyuki kiasi gani inatosha ukumbi mkubwa. Alichumbiwa mara moja, na fundi wa kuezeka paa kwa vigae vya mawe, kijana mwenye kazi yake na adabu zake. Kijana akataka wahamie mjini. Solange akamrudishia pete siku ileile, ikiwa ndani ya bahasha, kwa posta.

Sasa niseme juu ya mnara wa njiwa, maana pasipo huo hakuna la kueleza.

Zamani za mabwana, kabla wananchi hawajawapindua, mkulima hakuruhusiwa kufuga njiwa. Alifuga bwana peke yake, naye alihesabiwa: ardhi kiasi fulani, tundu moja la njiwa. Mwenye binti wa kuoza hakutoa hati za mashamba mezani. Aliwapeleka wakwe mnarani, wakasimama mlangoni, wakainua vichwa, wakahesabu safu za matundu ukutani. Mnara wa Vaugremont una matundu elfu moja na mia nne. Safu saba za juu ni za uongo. Mdomo wa tundu upo, kibao cha njiwa kutua kipo, ila ndani mkono unagonga jiwe kabla vidole havijapotea. Bwana wa wakati huo alikuwa amebakiwa na ardhi kidogo na mabinti wanne. Mwashi aliyemchongea safu hizo aliitwa Mathurin Berruet, na alipomaliza alipewa nyumba ya langoni, yeye na uzao wake, kwa sharti moja tu: wanyamaze.

Hakuna karatasi. Baba alimwambia mwana, basi. Kasri limeuzwa mara tatu tangu hapo, na huyu aliyenalo sasa, bwana Delahousse, ni tajiri wa madirisha ya plastiki anayekuja kutoka Paris Jumamosi mbili kwa mwezi. Kwake yeye nyumba ya langoni ni nyumba ya mfanyakazi, kama zilivyo nyumba za wafanyakazi popote. Kwa Solange ilikuwa vingine. Aliamini kwamba paa la juu ya kichwa chake linashikiliwa na kule kunyamaza, wala si na kitu kingine. Lucien alinieleza siri hiyo mwaka wa pili wa ndoa yetu, tukipanda viazi, akaniapisha pale pale, mikono ina udongo.

Mwezi wa Aprili Solange alikuja kugonga mlango wangu. Lucien alikuwa amekufa miaka tisa nyuma, na tangu mazishi wifi yangu hakuwa amevuka kizingiti hicho.

"Una nafasi Alhamisi ya tarehe kumi na mbili?"

"Ya kufanya nini?"

"Kuna wanafunzi thelathini na wawili. Nataka mtu wa kugawa sufu za miguuni pale mlangoni. Binti wa duka la mikate amevunjika kifundo cha mguu."

"Kwa hiyo nimebaki mimi."

"Angekuwapo mwingine ningekuja kwako?"

Akaweka barua mezani. Ilitoka kwa bwana Delahousse. Wanafunzi wa ujenzi wa kale kutoka chuo kimoja cha mjini, wako safarini siku moja, asubuhi kasri la wafalme kando ya mto, alasiri Vaugremont. Mwalimu wao anaitwa Lagarrigue. Wafunguliwe mnara wa njiwa, wapande, wapime.

"Watapanda," nikasema.

"Hawapandi. Nitawaambia ngazi imeoza."

"Imeoza kweli?"

"Nimeipaka mafuta juzi. Inazunguka kama mshale wa saa."

"Solange, yameshapita miaka mia mbili na arobaini. Mabwana wenyewe hawapo. Unamfichia nani?"

Akaichukua barua yake, akaikunja mara nne.

"Wewe umeolewa tu humu," alisema. "Njoo saa saba unusu, na usiongee."

Walifika saa nane na nusu. Basi lilishindwa kupita langoni, wakatembea njia yote ya miti ya lindeni wakikanyaga matope, midomo imejaa mikate ya siagi na nyama, na karatasi za mikate hiyo wanazishika mkononi wasijue pa kuzitupa. Asubuhi walikuwa wameona vyumba mia mbili vya wafalme. Uchovu wao ulikuwa wa mtu aliyeshiba kuona. Mbele yao alitembea mwalimu Lagarrigue, mtu wa miaka arobaini hivi, shingoni skafu ya rangi ya haradali, baridi hakuna.

"Wewe ndiye mlinzi?" akamuuliza Solange.

"Mimi ndiye Bibi Berruet. Mmechelewa saa nzima."

"Kasri la asubuhi lilikuwa na mambo ya kutazama, mama."

Solange alimpita. Alinionyesha kapu. Kwetu huingii ukumbi uliopakwa nta na viatu vyako vya nje: unakanyaga vipande viwili vya sufu, unaenda ukivuta miguu. Nikawagawia. Kijana mmoja mrefu akajaribu kuteleza kama yuko kwenye barafu.

"Jamani, tunapigishwa deki!" akapaza sauti. "Bibi, tutalipwa?"

"Sakafu hii imepitiwa na miguu ya maana kuliko yako," Solange alimjibu. "Vuta miguu. Usiinue."

"Mkali huyo," mwingine akanong'ona.

"Mkali, na nasikia vizuri."

Akaanza maelezo yake, yale aliyoyapata kwa Fernand neno kwa neno akiwa na miaka kumi na miwili. Hakufika mbali. Kila aliposimama mbele ya kitu, Lagarrigue alikuwa amekwisha kuwageukia wanafunzi na kusema jambo jingine juu ya kitu hichohicho. Solange alisema meko ni ya zamani kama kasri. Lagarrigue akasema la, ni ya karne moja baadaye, tazameni ukingo. Solange alisema zulia la ukutani lilifumwa Aubusson, kwa wafumaji mashuhuri. Lagarrigue akatabasamu tu, na lile tabasamu likawafanya wanafunzi wacheke. Mimi nilisimama nyuma na kapu langu tupu. Ulipofika mwaka wa yule mfalme, Solange alinitafuta kwa macho kama kawaida yake, akautaja.

"Alikuwa ameshakufa, mama," akasema Lagarrigue.

Ilinichoma, nami sikutarajia kuchomwa. Makosa yale ndani ya nyumba yetu yalikuwa ya kwetu. Mtu wa skafu hakuwa na haki nayo.

Tukatoka kwenda mnarani. Solange alitangulia, akasimama mlangoni, mgongo ukiuziba mlango.

"Mtatazama kutoka hapa. Ngazi imeoza."

"Nina ruhusa ya mwenye kasri," alisema Lagarrigue, akatoa simu mfukoni kana kwamba ruhusa imo mle.

"Mwenye kasri hayupo siku mtu anapovunjika shingo. Mimi nipo."

"Nipishe, mama."

Alimpita ubavuni. Ngazi ya mnara wetu imefungwa kwenye mhimili katikati, inazunguka ukuta mzima ili mtu afikie matundu yote bila kushuka. Lagarrigue aliisukuma kwa kidole kimoja. Ikaenda, ikazunguka duara zima, haikutoa hata mlio.

"Imeoza vizuri sana," alisema.

Walicheka mpaka njiwa wachache waliobaki wakaruka. Solange alisogea pembeni. Niliona mkono wake umeshika fremu ya mlango.

Aliyepanda alikuwa msichana mdogo wa umbo, jina lake Maëlys, ana tepu ya kupimia kiunoni. Alipima safu ya kwanza, ya tano, ya kumi, akitaja tarakimu, wenzake wakiandika. Akapanda hadi juu kabisa. Akatia mkono.

"Mwalimu! Huku hakuna kitu!"

"Hakuna njiwa?"

"Hakuna tundu! Mkono unagonga ukuta." Aliusukuma ukuta, ngazi ikamzungusha, akatia mkono pengine. "Na hili pia. Na hili. Safu yote... subirini. Safu saba! Zote ni midomo mitupu."

Basi ikawa sherehe. Simu zikainuliwa juu, kila mtu anapiga picha. Lagarrigue alipiga makofi mara mbili kuwatuliza, uso unamng'aa.

"Andikeni. Hapa mnamwona mwashi mwizi. Amelipwa kwa tundu, na kule juu ambako bwana hafiki akapunja kazi. Njia ya mwongo ni fupi, ila huyu alibahatika, imemchukua karne mbili na nusu. Jina lake tunalo?"

Kijana mrefu alikuwa karibu na mlango. Juu ya mlango pamechongwa. Akasoma: "M. Berruet, 1776."

"Basi bwana Berruet alikuwa mwizi," akasema Lagarrigue. "Andikeni."

Wakaandika. Halafu yule kijana akateremsha macho kutoka kwenye jiwe, yakaishia kwenye beji ya jina aliyovaa Solange kifuani.

"Eh, bibi! Na wewe si Berruet?"

"Mimi ni Berruet."

"Ndugu yako huyu?"

"Babu wa babu zangu."

"Loo! Kumbe ni biashara ya familia!"

Solange alinyamaza. Nilimjua, nilijua ulimi wake, nilijua angeweza kumkata yule mtoto vipande vitatu akamrudisha kwa mama yake ndani ya mfuko. Neno moja tu lingetosha kumtoa Mathurin pale. Hakulisema. Alitazama sakafu ya mnara, ile ya udongo uliochanganyika na mavi ya njiwa, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Mimi sikuweza. Jina lile ninalo mimi pia. Limo kwenye kaburi la mume wangu.

"Bwana Lagarrigue," nikasema, "mwizi gani anachonga jina lake juu ya mlango?"

Aligeuka. Hakuwa ameniona tangu alipofika.

"Nyamaza, wifi," alisema Solange.

"Msichana, wewe uliye juu. Tazama vibao vya kutua njiwa, vya safu hizo saba. Vikoje?"

"Vipo," Maëlys akajibu. "Vimechongwa. Mviringo safi."

"Na vya chini?"

Akashuka ngazi mbili, akapapasa. "Vya chini ni vya hovyo kidogo. Vya juu ndivyo vizuri."

"Mtu anayepunja kazi ataongeza kazi?" nikamuuliza Lagarrigue. "Kuchimba tundu ni kazi ya patasi na bidii. Kibao kile ni kazi ya mkono wa fundi. Aliagizwa afanye matundu yaonekane, si yatumike. Nani anahitaji matundu ya kuonekana? Uliza bwana alikuwa na mabinti wangapi."

"Wifi. Nyamaza."

"Wanne. Na mashamba yake yalikwisha kuuzwa nusu. Wakwe waliletwa hapa unaposimama wewe, wakahesabu, wakaenda kununua nguo za harusi. Mwongo ni aliyeagiza. Mwashi alifanya alichoamriwa, tena akakifanya vizuri."

"Una ushahidi?" aliuliza Lagarrigue. Rangi ilikuwa imempanda shingoni juu ya skafu.

"Ukuta ule ni ushahidi, na wewe ndiye msomi wa kuta."

"Mwalimu," alisema Maëlys kutoka juu, "huyu mama anasema kweli."

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka bwana wa Vaugremont, na wakwe zake, na kidogo mwalimu wao. Kijana mrefu alifuta alichoandika. Mimi nilikuwa nimesimama wima kama niliyeshinda, na sikumwona Solange akitoka.

Nilimkuta mlangoni mwa ukumbi, anakusanya sufu, anazipanga mbili mbili. Hakuwaaga wanafunzi. Walipita wakishuka njia ya miti kuelekea basi lao, mmoja akapunga mkono, Solange akamgeuzia mgongo. Basi lilipoondoka ndipo akaniangalia.

"Lucien alijua kuchagua," alisema. "Wavulana wote kijijini walileta wanawake. Yeye akaleta mwalimu."

"Walimwita Mathurin mwizi! Wewe umesimama hapo unasikia!"

"Mathurin alikubali kuitwa mwizi. Ndiyo bei yenyewe. Ulidhani nyumba ilitolewa kwa kunyamaza siku za jua?"

"Heshima ya ukoo..."

"Usinifundishe ukoo wangu. Umemsahihisha mfalme, umemsahihisha profesa, umenisahihisha mimi miaka thelathini na minne. Leo umemsahihisha na Mathurin. Nenda nyumbani."

Nilikwenda. Sikulala vizuri, lakini si kwa majuto.

Jumamosi bwana Delahousse akaja kutoka Paris, na safari hiyo alikuja mbio. Lagarrigue alikuwa amempigia simu. Nilikuwa uani kwa Solange, nimempelekea jamu ya plamu kama suluhu, nayo imebaki juu ya ukuta wa bustani haijaguswa.

"Solange! Hii ni dhahabu!" alipiga kelele kabla hajafunga mlango wa gari. "Matundu ya uongo! Nani mwingine analo jambo kama hili bonde zima? Tutaweka kibao barabarani: Mnara wa Uongo. Wewe utasimulia. Unapandisha mgeni mmoja juu, anatia mkono, wanacheka wote. Kama ilivyokuwa Alhamisi."

"Tafuta mtu mwingine."

"Mtu mwingine wa nini? Wewe ndiye Berruet! Ndiyo raha yenyewe!"

"Mwisho wa mwezi nitakuwa nimehama."

Bwana Delahousse alinitazama mimi, labda kwa sababu nilionekana mtu wa kueleweka. "Kuna mtu amemfukuza?"

"Hakuna," nikasema.

"Solange, kaa. Nakuongezea mshahara. Nitakutengenezea na lile bomba la jikoni."

"Bwana Delahousse," alisema wifi yangu, kwa sauti ileile ya kuwaelekeza wageni wavute miguu, "nyumba hii tulipewa tunyamaze. Hatukunyamaza. Basi si yetu."

"Mlipewa na nani? Nyumba ni yangu mimi! Nimeinunua!"

"Umenunua mawe."

Alicheka, akidhani ni utani. Alirudi siku iliyofuata kumbembeleza, na mara ya tatu alimtuma mkewe. Solange alikuwa amekwisha kufunga vyombo katika magazeti.

Nilimwambia nina chumba. Chumba cha Lucien, upande wa jua, kina kabati na meko.

"Kwako?" alisema. "Afadhali nikalale na njiwa. Wale hawana vyeti."

Amepanga chumba katika mji wa jirani, juu ya duka la mtu anayeshona viatu, madirisha yanatazama ukuta. Kibao cha Mnara wa Uongo kiko barabarani, na msichana wa miaka ishirini kutoka mjini anasimulia mara sita kwa siku juu ya bwana na mabinti zake, nao wageni wanatia mikono na kucheka. Mathurin hamwiti mwizi. Hilo nimehakikisha mimi mwenyewe. Nimekwenda mara mbili, nimelipa kiingilio, nimesimama nyuma nikasikiliza.

Hapa kijijini wapo wanaosema Solange Berruet alifukuzwa kwa kuwadanganya wageni zaidi ya miaka thelathini. Wanasema mkate unapokatwa, dukani, nikiwa nimewapa mgongo. Hakufukuzwa. Aliombwa abaki, na mwenye kasri, mara tatu, nami nilikuwapo mara ya kwanza. Aliondoka kwa miguu yake kwa sababu ya ahadi ambayo hakuna mtu hai aliyemdai, isipokuwa yeye mwenyewe. Mwenye neno jingine aje kwangu alisemee mlangoni.

Humwona Jumamosi sokoni, kwenye meza ya jibini za mbuzi. Kwetu mawifi husalimiana kwa shavu, kulia na kushoto, hata kama wamegombana asubuhi ileile. Mkono hupewa mtu wa kodi. Solange hunipa mkono, umenyooka, kiwiko kimekazwa nisimkaribie.

Juzi nilikataa kuuachia.

"Wifi, nisikilize. Ningeulizwa tena leo, ningesema tena."

"Najua," alisema, akauvuta mkono wake. "Ndiyo maana nakupa mkono."